Mbona Tunangoja Mtu Afe Ndio Tumchapishe?

Wasee, leo nina maoni ambayo kamati nyingi za mazishi hazitapenda, lakini itabidi. Huku kwetu Kericho na Bomet, kitabu cha kwanza na cha mwisho kuandikwa kuhusu mtu wa kawaida ni programu ya mazishi yake. Kurasa nane au kumi na mbili, karatasi ya kung'aa, picha ya kitambulisho imekuzwa mpaka sura haieleweki. Ndani ni maneno yale yale: alizaliwa, akasoma mpaka darasa fulani, akaolewa, akabarikiwa na watoto, akaugua, akapandishwa utukufuni. Badilisha jina na tarehe na unaweza kumzika mtu mwingine kabisa nayo. Na mwenye hicho kitabu ndiye mtu pekee kwenye boma ambaye hatakisoma.

Mimi nasema tuchapishe watu wakiwa hai. Tena tuchapishe wenyewe, nyumbani, na printa ile ndogo ya bei ya chini, ile haijui hata kugeuza karatasi.

Kwa wale wapya hapa: niliacha chuo mwaka wa pili, narekodi video za maisha ya huku kwenye majani chai, na hakuna kampuni ya printa inanilipa. (Ikitokea, nitawaambia.) Nyumbani ni upande wa Bomet, lakini shughuli zangu nyingi ziko Kericho mjini, kwa hivyo mkiniona kwenye matatu ya Litein nikiwa nimekumbatia rimu ya karatasi ndani ya mfuko wa plastiki kama mtoto mchanga, sasa mnajua kwa nini.

Najua mtu tayari anaandika: kwani simu ni ya nini? Rekodi kogo kwa simu, weka kwa grupu ya familia, imeisha. Sawa. Sasa niambie rekodi za sauti za mwaka juzi kwenye hiyo grupu ziko wapi. Ziko kwa simu iliyoanguka ndani ya ndoo. Ziko kwa simu iliyoibiwa stendi. Zilifutwa na binamu yako kwa sababu simu ilijaa na alitaka nafasi ya kudaunlodi mechi. Halafu kogo mwenyewe ana kabambe, ile ya tochi na redio. Umechukua maisha yake ukayaweka mahali ambapo yeye hawezi kuingia. Mimi kazi yangu ni video, naishi kwa bando, sina chuki na simu. Lakini nimeona kitu kimoja: video yangu ikipata watu elfu kumi, wiki inayofuata hakuna anayeikumbuka. Kijitabu cha kurasa 16 kikiachwa juu ya meza kwa nyumba ya mtu, kila mgeni anakishika.

Tuongee kidogo kuhusu nani ametuandika. Ukitafuta vitabu kuhusu Wakipsigis utakutana na Peristiany, mtafiti aliyekuja kutoka Uingereza, akatoa kitabu chake kuhusu jamii yetu mwaka 1939. Kizuri au kibaya, hicho ni kitabu cha mtu aliyekuja akaangalia akaenda. Baadaye Taaitta Toweett, mtu wa huku kwetu, mwanasiasa na mtaalamu wa lugha, akatoa kitabu cha historia simulizi ya Wakipsigis mwaka 1979. Heshima kwake. Lakini hapo unapata koo, vita, uhamaji. Humpati mama aliyeamka saa kumi na moja asubuhi miaka thelathini akavaa karatasi ya nailoni kiunoni akaingia kwenye majani yenye umande. Huyo hajaandikwa na mtu. Huyo anangoja programu ya mazishi.

Na si mambo ya hisia tu. Kampuni za chai za Waingereza ziliingia Kericho miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo wenyewe walikuwa wameondolewa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria maalum ya kuwahamisha Talai, ukoo mzima, ikawapeleka Gwassi kule karibu na Ziwa Victoria. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu hayo, na mwaka 2022 mawakili wa Talai na Kipsigis wakapeleka malalamiko kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Sasa fikiria: mtu anayekumbuka alichosimuliwa na mama yake kuhusu hiyo safari ya Gwassi ana miaka mingapi leo? Hawa wazee wanaondoka kila Ijumaa na Jumamosi. Tunawazika na wasifu unaosema "alipenda kanisa".

Halafu kuna hii ya juzi. Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilichomwa huku Kericho, watu wakiwa wamechoka kuona chuma kikifanya kazi ya mikono yao. Sitaki kuingia kwenye ile debeti ya mashine, hiyo nitaifanyia posti yake. Ninachosema ni kwamba kizazi cha watu waliochuna kwa mikono maisha yao yote kinaisha tukiwa tunaangalia. Majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni, foleni ya mizani, karani anayesoma kilo zako akiwa ameficha mshale kwa kiganja. Miaka ishirini ijayo hayo yatakuwa stori, na wenye stori hawatakuwepo.

Sawa. Sasa mambo ya karatasi, kwa sababu nimeona watu wengi wakikwama hapo. Wanasema "nitaprint kitabu", wanafungua faili, wanabonyeza, wanapata kurasa 16 za A4 upande mmoja, wanaziweka pini kwenye kona. Hiyo si kitabu. Hiyo ni barua ya chifu.

Chukua karatasi moja ya A4 sasa hivi, ikunje katikati. Umepata kurasa nne za A5. Hapo ndipo siri yote iko: kijitabu kinaenda kwa nne. Kurasa 8, 12, 16, 20. Ukiandika ukafika 14, mbili zitabaki tupu, kwa hivyo tafuta picha ama acha nafasi watu waandike majina ya watoto wanaozaliwa. Kwa kurasa 16 unahitaji karatasi nne tu. Karatasi ya kwanza kwa nje ina ukurasa wa 16 kushoto na wa 1 kulia. Nyuma yake 2 kushoto na 15 kulia. Karatasi ya pili ni 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu ni 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya nne ni 10 na 7, nyuma 8 na 9. Ukiangalia hizo namba vizuri utaona kila jozi inaleta 17, yaani jumla ya kurasa uongeze moja. Kitabu cha kurasa 20, jozi zinaleta 21. Ukijua hilo huhitaji mtu akufundishe tena, unaweza hata kupanga kwa peni nyuma ya risiti.

Kompyuta inaweza kukupangia. LibreOffice ni ya bure na kwenye dirisha lake la kuchapisha kuna chaguo la kijitabu. Adobe Reader ya kompyuta, nayo ya bure, ina chaguo lililoandikwa Booklet, na ndani yake unaweza kuiambia itoe nyuso za mbele peke yake kwanza, halafu za nyuma baadaye. Hiyo ndiyo dawa ya sisi wenye printa maskini. Unatoa za mbele, unageuza karatasi kwa mkono, unarudisha, unatoa za nyuma.

Kugeuza ndiko kunawaua watu. Karatasi imelala, kurasa mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, kwa hivyo unaigeuza kama unafungua ukurasa wa kitabu, kwa upande wake mfupi. Ukiigeuza kwa upande mrefu, ukurasa wa 2 utatoka kichwa chini miguu juu. Na kila printa ina tabia yake: kuna zinazotema karatasi maandishi yakiwa juu, kuna zinazotema yakiwa chini, kuna zinazokula kutoka nyuma na zinazokula kutoka kwenye trei ya mbele. Usisikize mtu kwenye video akikwambia "geuza hivi", hata kama huyo mtu ni mimi. Chukua karatasi moja, chora mshale na penseli, ipitishe, angalia mshale umeishia wapi. Ukishajua, andika kwa karatasi ndogo uibandike juu ya printa. Dakika tano tu, na rimu yako inabaki salama.

Kingine, na hiki sijaona kikisemwa sana. Ukitaka nakala 40, usitoe kitabu kizima kimoja, halafu kingine, halafu kingine. Toa karatasi ya kwanza mara 40, mbele zote, geuza, nyuma zote. Halafu karatasi ya pili mara 40. Sababu ni kwamba printa hizi ndogo zikizeeka hupenda kuvuta karatasi mbili pamoja. Ukiwa unatoa vitabu kwa mpangilio, ikivuta mbili tu, kila kitu kinachofuata kinateleza: ukurasa wa 4 unakaa nyuma ya 5, na huwezi jua mpaka umalize. Ukiwa unatoa karatasi ya aina moja, ikivuta mbili unapoteza moja, basi. Mwisho unapanga mafungu manne kwenye meza, watoto wa nyumbani wanazunguka wakiokota moja moja kama wanacheza. Wadogo zangu walifanya nakala 40 kwa muda wa chapati kuiva.

Sasa hewa yetu. Wale wa Nairobi hamtaelewa. Huku mvua inakuja karibu kila alasiri, na karatasi inakunywa unyevu kuliko ng'ombe. Rimu ukiifungua ukaiacha wazi usiku mmoja, asubuhi imejikunja kingo, na printa ikiipata hivyo inakwama kila karatasi ya tatu. Funga rimu yako kwa nailoni, toa unazohitaji tu. Wino wa printa ndogo nao ni maji maji, unachelewa kukauka kwenye baridi. Ukikimbilia upande wa pili utapata alama za wino kwenye rola na kwa vidole. Toa mbele, enda unywe chai, rudi. Tuko mahali sahihi kwa hiyo. Picha nzito zenye weusi mwingi zinapenya upande wa pili wa karatasi ya gramu 80, kwa hivyo weka chache na uziache zikauke vizuri. Kama una picha moja kubwa ya maana, ipeleke katikati, kurasa za 8 na 9, kwa sababu hapo tu ndani ya kijitabu ndipo kurasa mbili zinazotazamana ziko kwenye karatasi moja. Popote pengine picha itakatwa na mshono na sura ya babu itagawanyika pua.

Kushona. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Kuna stepla ya mkono mrefu, nunua kama unazo. Mimi nilitumia sindano ya gunia, ile ile inayoshona magunia ya mahindi, na uzi mzito. Matundu matatu kwenye mkunjo. Unaanzia ndani, tundu la katikati, unatoka nje. Unaingia tundu la juu. Ukiwa ndani unaruka mpaka la chini, unatoka nje. Unarudi ndani kwa lile la katikati, unafunga fundo juu ya ule uzi mrefu. Kwisha. Nimejaribu kuvuta moja kwa nguvu, karatasi ilikuwa tayari kuraruka kabla ya uzi kukatika. Mkunjo wenyewe upige na mgongo wa kijiko.

Hesabu ya pesa ni fupi. Rimu ina karatasi 500, kijitabu cha kurasa 16 kinakula 4, kwa hivyo rimu moja ni vijitabu 125. Saiba nyingi za huku zinatoza shilingi 10 kwa upande mweusi; kijitabu kimoja kina nyuso nane, hiyo ni 80, nakala 40 ni 3,200. Hiyo ni kabla mtu hajakutoza kupanga na kukunja. Nyumbani, karatasi ni pesa kidogo sana. Wino ndio mwenye nyumba. Kama printa yako ni ya katriji ndogo, toa maandishi meusi tu na uache rangi. Za tangi ni ghali kununua lakini ukurasa unakuwa rahisi, na mkiwa familia tatu nne mnaweza kuchanga. Tunachanga mazishi mpaka usiku wa manane, tuna kamati, tuna mweka hazina, tuna paybill. Kuchanga wino wa mtu aliye hai hatujawahi.

Basi niwaambie kilichotokea nyumbani, halafu mnijibu kama karatasi ni kitu cha zamani.

Kijitabu cha kogo nilikiandika kwa jioni kama kumi hivi, yeye akichambua mboga, mimi na simu. Aliongea Kipsigis, nikaandika Kipsigis, na mahali ambapo wajukuu wa Nairobi wangepotea nikaweka Kiswahili chini. Herufi kubwa, saizi 14, kwa sababu wasomaji wake wengi wana miwani iliyovunjika. Aliniambia kilo alizokuwa akichuna siku nzuri na siku mbaya. Aliniambia jina la karani mmoja na kile alichokuwa akiitwa na wanawake akiwa ameenda. Aliniambia, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, venye alilipa shamba letu la chini, lile la kando ya mto. Mshahara wa kuchuna, miaka sita, pesa ikihifadhiwa kwa mkebe wa majani chai na kupelekwa kwa muuzaji kidogo kidogo. Hati ina jina la babu, kwa sababu ndivyo hati zilivyokuwa zikiandikwa. Hiyo ikaingia ukurasa wa 11.

Nilipeleka nakala ya kwanza Jumapili. Anko wangu mmoja akaisoma yote akiwa amesimama, mgongo kwa ukuta. Akaniita kando. Akasema kitabu ni kizuri, kongoi, lakini huu ukurasa wa 11 utoke. Shamba ni la mzee, alilinunua mzee, na mambo ya pesa za mkebe ni mambo ya nyumbani. Akasema si lazima nirudie kitabu kizima, nitoe tu hiyo karatasi.

Nikamfungulia mshono nikamwonyesha. Ukurasa wa 11 uko kwenye karatasi ya tatu, pamoja na wa 5, wa 6 na wa 12. Ukurasa wa 5 ndio una kuzaliwa kwake yeye anko, usiku wa mvua, mkunga akiwa amekwama ng'ambo ya daraja. Wa 6 ni karo yake. Wa 12 ni kifo cha babu. Ukitoa moja zinatoka zote nne.

Alikaa kimya kidogo. Halafu akasema basi nichape upya hiyo karatasi moja, niandike "walinunua". Na hapo, kusema ukweli, alikuwa na hoja ya kiufundi: karatasi moja ni dakika chache tu kubadilisha. Hilo ndilo zuri la kuchapa nyumbani, na ndilo hatari yake pia. Mwenye printa anaweza kubadilisha. Kwa hivyo nikasema sibadilishi neno la mtu bila yeye, twende kwa mwenyewe.

Kogo alisomewa ukurasa wa 11 mara mbili. Mara ya pili alirekebisha: si miaka sita, ni saba, mwaka mmoja mtoto alilazwa na hakulipa kitu. Anko akaanza kueleza mambo ya hati na mambo ya mzee. Kogo akamwuliza, "Kwani ulikuwepo?"

Nikachapa upya karatasi ya tatu. Miaka saba. Nakala 40.

Sasa sikilizeni, sijasema kijitabu changu ni hati ya shamba. Sio. Hakuna hakimu atakipokea akasema haya, mpeni mama ardhi. Lakini hiyo stori ingebaki kwa rekodi ya sauti, ingekuwa neno la kogo dhidi ya neno la mtoto wake wa kiume, na sote tunajua huku kwetu nani hushinda hiyo mechi, hasa mmoja akiwa tayari kaburini. Ingengoja programu ya mazishi, ingeandikwa na kamati, na anko ndiye mwenyekiti wa kamati. Ingesema "wakishirikiana na mumewe walijaliwa kupata shamba". Kila familia huku ina ukurasa wa 11 wake, na kwa kawaida anayeujua vizuri zaidi ni mwanamke wa miaka zaidi ya sabini ambaye hakuna mtu amemwuliza.

Hii ya watu wadogo kujichapishia haikuanzia kwangu pia. Gakaara wa Wanjau alikuwa akitoa vijitabu vyake vya Kikuyu, vidogo, vya bei ya mtu wa sokoni, na mkoloni aliviogopa kiasi cha kumkamata Oktoba 1952 na kumweka kizuizini miaka mingi. Shajara yake ya huko ndani ikaja kupata tuzo ya Noma mwaka 1984. Henry Muoria alianzisha gazeti lake la Mumenyereri mwaka 1945, likapigwa marufuku 1952 na yeye akabaki Uingereza. Nigeria, soko la Onitsha lilijaa vijitabu vya namna hii miaka ya 1950 na 1960, vya mapenzi, vya ushauri, vya siasa. Hao walikuwa na mashine kubwa na hatari kubwa. Sisi tuna mashine inayokaa juu ya stuli na hatari yetu kubwa ni anko.

Kuna mambo mawili mmeniuliza kwa DM ambayo ni ya haki. Moja: je, watu wa saiba na wa dizaini, si ni vijana wenzetu, tunawanyima kazi? Sioni hivyo. Mtu wa saiba hajawahi kupata kazi ya kuchapa kogo aliye hai, kwa sababu hiyo kazi haipo. Ikianza kuwepo, wengi hawatakuwa na printa na wataenda kwake, na yeye ana mashine inayojigeuzia karatasi. Mpe faili iliyopangwa vizuri na mlipe. Ninachokataa ni ile bei ya msiba, ile ya "mnazika kesho, kwa hivyo ni mara mbili". Ukiwa na kitabu tayari, siku ya msiba unaongeza karatasi moja tu, na hakuna mtu anakushika koo.

Mbili: vipi kama mzee hataki? Basi hataki. Kuna mmoja jirani yetu, mchunaji wa zamani, alinisikiza vizuri, akanipa maziwa, akasema mambo yake yatakaa alipoyaweka. Sikumsumbua. Na anayekubali, msomee kila ukurasa kabla ya kushona, kwa lugha yake, polepole. Kama ana jirani au mke mwenza kwenye stori, fikiria pia huyo. Si kila ukurasa wa 11 unafaa kuzunguka sokoni. Nakala 40 zetu zilibaki ndani ya familia na kwa marafiki wa kogo wa kanisa, na ndio maana huoni picha zake hapa wala jina lake.

Kwa kuonekana, ndiyo, kijitabu cha nyumbani haking'ai. Kingo hazilingani, kwa sababu karatasi za katikati hutokeza kidogo ukizikunja pamoja. Kwa karatasi nne haionekani sana, ukifika kumi itabidi ukate kwa wembe na rula. Printa yangu haifiki ukingoni, kwa hivyo kuna fremu nyeupe kila mahali, acha sentimita moja na nusu usigombane nayo. Hakuna mtu amelalamika. Rafiki mmoja wa kogo alikinusa kwanza, halafu akauliza kama ni Biblia mpya.

Mahali tumefika ni hapa. Yule shemeji yake kogo, waliokuwa wakichuna mstari mmoja, amesoma na amekasirika kwamba yuko kwenye ukurasa wa 9 tu. Anasema kilo za kogo zimeongezwa. Anataka chake, na anataka kiwe kirefu kuliko cha kogo, kurasa 20. Hiyo ni karatasi tano, jozi zinaleta 21. Rimu imebaki na karatasi zaidi ya mia tatu, iko ndani ya nailoni juu ya kabati. Naenda kwake Jumamosi asubuhi, kabla mvua haijaanza.